Nani Alikuchotea Maji?

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Baba naye shikamoo yake, ila umfikishie kwa mdomo tu. Barua yenyewe usimpe. Wala mdogo wangu Mbonea asikusomee, hata akijifanya kukuhurumia macho. Nimeandika juu ya bahasha "isomwe na mwenyewe", na najua karani wa usharika ataigeuza mara tatu kabla hajakupa, akitafuta tundu la kuchungulia. Mwache ahangaike.

Barua yako ya penseli imenifikia. Mama wee! Niliisoma nimesimama pale pale posta, watu wananipita, wengine wananikanyaga. Mama yangu anaandika! Kumbe kwenye kile kisomo cha watu wazima ulichoniambia unakwenda "kuwasindikiza wenzako tu" ulikuwa unakazana kuliko wote. Herufi ya R umeigeuza inatazama nyuma, lakini hata hapa ofisini wako wanaoigeuza na wana madaraka. Niliwaonyesha makarani wote wa taipu. Mmoja aliuliza kama ni barua ya mchumba, nikamwambia ni zaidi.

Unajua kwa nini nimefurahi hivi? Miaka yote nimekuandikia nikijua Mbonea ndiye atakayesoma kwa sauti, Baba kakaa pale na randa lake, na jirani yeyote aliyekuja kuomba moto anasikiliza. Sasa mtu atamwandikia mama yake nini katika hali hiyo? Nikakuandikia mvua, mahubiri, na nani kaoa. Leo ni mara ya kwanza tunaongea mimi na wewe. Kwa hiyo sikuulizi hujambo. Utaniambia hujambo, na mimi sitaamini, na sababu yake ndiyo barua nzima hii.

Nianze na furaha. Tumeshinda, Mama! Zahanati ya huko mlimani itapata chumba cha wazazi. Chumba cha kweli, cha matofali, chenye mlango unaofungwa, vitanda, mkunga wa kukaa hapo hapo, na Landrova ya kuwashusha Same wale watakaozidiwa. Imepitishwa Alhamisi ya wiki juzi na imepigwa mhuri. Nilitoka kwenye ule mkutano nikashuka ngazi nikiimba, mimi mtu mzima mwenye miwani.

Lakini nusura tukikose, na aliyetaka kukikosesha ni mwanao.

Unakumbuka mwaka jana nilituma vijana waje na karatasi, wapite nyumba kwa nyumba kuwauliza kina mama habari za uzazi? Kazi ile nilipewa mimi kuiongoza. Kamati hapa wizarani ilitaka kujua ni wapi wanawake wanaumia zaidi wanapojifungua, ili wakunga wachache tulionao wapelekwe huko. Niliona ni bahati kubwa. Nilikwenda Ulaya mwaka mzima kusomea namna ya kuuliza maswali, nikala viazi visivyo na chumvi, nikavaa soksi mbili mbili, nikarudi na cheti. Nikakaa nikatunga maswali kwa Kiswahili safi. La kwanza kabisa lilikuwa hili: "Ulijifungua salama?"

Usicheke kwanza.

Majibu yakaja. Kutoka pwani, shida. Kutoka mashamba ya mkonge huko bondeni, ambako watu wamekuja kutoka kila pembe na hawana ndugu wa kuwaficha, shida tupu. Kutoka Upareni mlimani: salama. Karatasi baada ya karatasi, salama, salama, salama. Nilifurahi, Mama, nisikufiche. Nikajisemea wanawake wetu ni imara, ni ile hewa ya mlimani na makande. Nikaipeleka taarifa kwenye kamati nimevaa gauni jipya. Mwenyekiti, mzee mmoja wa makamo mwenye sauti ya kengele, akanishukuru akasema, "Basi vizuri. Mlima wa Pare hauna tatizo. Tuufute kwenye orodha." Akakata mstari kwa kalamu nyekundu, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata akaja Elieshi. Huyu unamjua, ni yule nesi wa Same aliyezaliwa ng'ambo ya mto wenu, anayecheka mpaka kofia inaanguka. Alikuwa amekuja mjini kwa semina, akapita ofisini kunisalimu na mkungu wa ndizi. Nikamwonyesha ile taarifa nikitaka anisifu. Akasoma. Akarudia kusoma. Akaniuliza, "Daktari, hii ni Same ya kwetu au iko Same nyingine mbinguni?"

"Kwa nini?"

"Kila mwanamke salama? Hebu nione karatasi zenyewe." Nikamtolea. Akapekua akachomoa moja. "Huyu hapa mke wa balozi wa nyumba kumi. Nilimpokea mimi kwenye machela. Siku tatu mtoto hatoki. Mtoto tulimzika, mama mwenyewe Mungu tu. Na hapa imeandikwaje? Salama!"

Nikakasirika. Nikasema, "Sasa kwa nini atudanganye? Sisi tunataka kumsaidia, yeye anatudanganya!"

Elieshi akanitazama kama ninavyotazamwa na wewe nikiunguza ugali. Akasema, "Hajakudanganya. Amekuja kijana na kalamu, mgeni, kasimama mlangoni, kamwambia 'salama?' Yeye kasema 'salama.' Umemsalimu, amekuitikia. Ulitaka asikuitikie?"

Mama, nilikaa chini. Mimi niliyezaliwa Mhezi! Mimi niliyechapwa kwa kutokuitikia salamu! Mtu kwetu anaweza kuwa anafiwa, ukimwuliza habari atasema nzuri kwanza, ndipo alie. Mzungu angekosea tungemsamehe, hajui. Mimi nimekosea kwa sababu nimekijua Kiswahili mpaka nimekizoea, nikasahau kwamba salama ni neno la mlangoni. Nilikuwa nimewasalimu wanawake wa mlima mzima, wakaniitikia kwa adabu, nikaenda kuandika kwamba hawaumwi. Na kwa adabu yao hiyo wamekatwa kwa kalamu nyekundu.

Nilirudi kwa Mwenyekiti siku ile ile. Nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, taarifa ya Upareni si sahihi. Naomba kuifuta."

"Nani kasema si sahihi?"

"Mimi niliyeiandika."

Akavua miwani. "Dada, unajua unachosema? Kamati imekwisha kukubali. Ukisimama ukasema umekosea, kesho watasema ndiyo maana hatukutaka mwanamke aongoze kazi hii." Na alikuwa anasema kweli, Mama, wala hakuwa mtu mbaya. Wako waliokuwa wanangoja hilo tu. Kuna daktari mmoja kijana ambaye mpaka leo huniita "Sista" kwa makusudi, kana kwamba hajui nesi na daktari wanavyotofautiana. Usiku ule ningeweza kunyamaza nikalala. Nilisema sinyamazi.

Mwenyekiti akacheka. "Ninyi Wapare bwana! Mtu anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

Nikamwambia, "Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. Na kuku anarudi."

Akanipa mwezi mmoja. Mwezi wenyewe wa masika, njia zote za mlimani ni utelezi. Nilijua anadhani nitashindwa, nitulie. Na nilijua kingine: nikirudi mikono mitupu, mlima utabaki umefutwa, na mimi nitafutwa nao.

Sasa tatizo likawa swali. Nilitunga, nikafuta, nikatunga. "Ulipata matatizo?" Watasema hapana, hakuna anayejitangazia matatizo kwa mgeni. "Uliumwa?" Nani hakuumwa, uzazi wenyewe ni uchungu. Elieshi ndiye aliyelitegua, tena akiwa anamenya ndizi. Akasema, "Daktari, usimwulize mwili wake. Hatakwambia. Mwulize kazi zake. Mwulize nani alimchotea maji."

Unaona akili hiyo? Kwetu kila mtu anajua mzazi hachoti maji. Anakaa ndani, analishwa, ndugu wanachota. Halafu siku zinatimia, anatoka, anachukua debe lake. Haoni haya kusema nani alimchotea, maana kuchotewa ni heshima. Ni hesabu ya watu wanaompenda. Atawataja wote. Na ukimwuliza "mpaka lini?", hapo ndipo mwili wenyewe unapojibu, mwenyewe hana habari kwamba amejibu.

Tukabadilisha karatasi yote. Nani alikuchotea maji? Mpaka lini? Kuni ulianza kubeba lini? Siku ya kwanza kurudi kanisani au sokoni, ulikwenda na nani? Basi. Elieshi akapanda mlimani na wenzake wawili, wanawake watupu, kwa miguu, matope mpaka magotini. Nikawakataza kusimama mlangoni. Waingie, wakae jikoni, wachambue maharage na mwenye nyumba, waongee Chasu, si Kiswahili, karatasi itoke mwishoni.

Karatasi zilirudi kwenye kapu, zinanuka moshi. Nilizisoma siku nne. "Nilichotewa na dada yangu miezi saba." "Mume wangu alichota yeye, watu wakamcheka, nikamwambia aache, akakataa." "Sijarudi kuchota." "Kanisani sijarudi, nasali nyumbani." Kila moja ilikuwa ni mtu aliyepasuka, au aliyevuja damu mpaka ikabaki tone, au mbaya zaidi. Wote hao mwaka jana walikuwa salama.

Na katikati ya hizo, Mama, nikakuta moja ya Mhezi. Mke wa seremala. Watoto sita walio hai. Kitindamimba ni wa kiume.

Nani alikuchotea maji? "Binti yangu."

Mpaka lini? "Mpaka alipokwenda bweni."

Na baada ya hapo? "Mwenyewe. Nusu debe."

Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Elieshi: "Mhojiwa anasema tangu uzazi huo kuna kitu kimeshuka, anajifunga kitambaa. Ameomba binti yake asiambiwe."

Elieshi hakuniambia neno, usimlaumu. Aliiweka humo pamoja na nyingine kama alivyokuahidi, na karatasi hazikuwa na majina. Ila mimi nitakosaje kuijua? Mbonea alipozaliwa nilikuwa na miaka minane. Miaka mitano nimepanda kutoka mferejini na maji kichwani, nikinung'unika kwamba wenzangu wanacheza, kwamba unanionea, kwamba wewe mwenyewe una mikono. Ulikuwa unanijibu, "Chota mwanangu, maji yatakukomaza shingo." Nikaamini ni malezi. Nikaenda shule nikasoma mwili wa mwanamke mpaka ncha ya mwisho, nimeshika vizazi vya watu kwa mikono yangu, nimesimama mbele ya wanafunzi nikawafundisha ugonjwa huo huo, nikawaambia dalili zake. Na kila likizo nakuja nyumbani, nakuona unabeba nusu debe, nasema Mama amekuwa mvivu kidogo uzeeni.

Nililia, Mama. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia mpaka karani akaleta chai bila kuulizwa. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kisha nikanawa uso, maana kamati ilikuwa inakaa Alhamisi.

Sasa naomba msamaha wako kwa hili. Nilisoma majibu yako mbele yao. Sikutaja jina, sikutaja kijiji, sikusema ni mama yangu. Lakini niliyasoma, wanaume watupu wamekaa pale na mimi peke yangu. Yule kijana anayeniita Sista alikwisha anza kusema kwamba swali la maji si la kidaktari, kwamba Ulaya hawaulizi hivyo. Nikamwambia Ulaya maji yako bombani. Halafu nikasoma karatasi kama kumi, moja moja, polepole, bila kueleza kitu. Yako niliisoma mwisho. "Binti yangu. Mpaka alipokwenda bweni. Mwenyewe. Nusu debe."

Mwenyekiti alikuwa ameinama. Nikadhani amechoka, au anatafuta kalamu yake. Akasema, "Mama yangu nilimchotea mimi." Yeye si wa kwetu, ni mtu wa kusini huko. "Nilikuwa wa kiume peke yangu kisimani. Wasichana walinicheka mpaka nikaoa. Sikujua kwa nini." Akavua miwani. "Alikufa akisema hajambo."

Yule aliyekaa kulia kwake akasema, "Kwetu alichota shangazi." Mwingine akasema, "Kwetu mpaka leo anachota mdogo wangu." Zamu ikawa inazunguka meza, Mama, wazee na suti zao za Kaunda, kila mmoja anamkumbuka aliyekuwa anachota. Mimi nilisimama pale nimeshika karatasi yako na sikuhitaji kusema neno lingine.

Mwenyekiti akamwambia katibu, "Andika." Akarudisha mlima kwenye orodha, tena juu kabisa. Chumba, mkunga, Landrova. Na swali la maji liulizwe nchi nzima, kila mkoa, lile la kwangu la salama lifutwe lisionekane tena. Halafu akasema wizara imekuwa ikitafuta mtu wa kuongoza kitengo kipya cha afya ya wanawake, na kwamba yeye hamtaki mtu asiyewahi kufuta taarifa yake mwenyewe. Ndivyo nilivyopewa, Mama. Mkuu wa kitengo! Nina chumba chenye madirisha mawili na simu, na kuanzia kesho kijana yule ataleta karatasi zake nizipitishe mimi. Nitamwitikia kwa upole, usiwe na wasiwasi. Upole kiasi.

Mkunga wa mlimani ni Elieshi. Nilimwuliza mara moja tu, akasema ameshafunga sanduku. Wazee wa kijiji wamekwisha sikia, na Mbonea ameniandikia kwamba baragumu ya msaragambo inapigwa wiki ijayo, kijiji kizima kitoke kusomba mawe ya msingi. Mwambie Baba milango ya chumba hicho aitengeneze yeye, na asiifanye mifupi kama ule wa jikoni kwetu.

Sasa sikiliza, na usikunje karatasi. Hicho kilichoshuka si laana wala si aibu, na hukukipata kwa kosa lolote. Uzazi ulikuwa mgumu, ukarudi kubeba mizigo mapema, nyama za ndani zikalegea. Basi. Kinatibika. Yuko daktari kule mjini Moshi, mwanamke mwenzetu, mikono yake naiamini kuliko yangu. Pengine atakuwekea mpira mdogo tu wa kukizuia, pengine atashona; atakupima kwanza, na mimi nitakuwa nimesimama karibu na kichwa chako. Si lazima umwambie mtu. Baba mwambie unakuja kuniona, na hilo litakuwa kweli.

Mbonea mwambie asante kwa habari za mawe, na aache kujisifu kwa wanafunzi wake kwamba dada yake ni waziri, si waziri. Mkewe, wifi yangu, mwambie kliniki haingoji chumba kiishe, ashuke Same mwezi huu huu. Shangazi wa kwa Baba, yule asiyesikia vizuri, msalimie kwa sauti. Mwalimu wako wa kisomo mpe mkungu mzima wa ndizi, kwa niaba yangu, maana bila yeye barua hii isingeandikika.

Ijumaa ijayo nafika Same kwa basi, napanda Mhezi siku hiyo hiyo kukuchukua. Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Watu wameshangaa: mkuu mpya, kiti hajakikalia, anaomba ruhusa. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika sababu. Wengi huandika "mambo ya kifamilia". Nilishika kalamu muda mrefu, kisha nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA YANGU ANAUMWA. Nadhani ni mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu kuliandika neno hilo.

Ni mimi mwanao,
Nakijwa